Hodi Mara Mbili

Mwezi Mei mwaka 2000 ujumbe wa serikali ya Msumbiji ulikwenda Roma na hesabu yake mkononi. Miezi michache nyuma mabonde ya kusini na kati ya nchi yalikuwa yamegeuka bahari, na sasa serikali ilikuwa ikiomba dola za Marekani milioni 450 ili ijijenge upya. Wafadhili walikaa siku mbili. Walipoinuka, ahadi zilikuwa zimefika kiasi hicho na kupita kidogo. Anayefuatilia mikutano ya aina hii anajua jinsi jambo hilo lilivyo nadra: nchi maskini inataja inachohitaji, inaahidiwa chote.

Miaka 19 baadaye, tarehe 31 Mei na 1 Juni 2019, nchi hiyohiyo iliita wafadhili tena. Safari hii iliwaitia kwake, mjini Beira, katikati ya mapaa yaliyong'olewa na Kimbunga Idai. Tathmini ilisema zinahitajika dola bilioni 3.2. Ahadi zilizopatikana zilikuwa bilioni 1.2.

Mtu anaweza kusema bilioni 1.2 ni nyingi kuliko milioni 450, basi malalamiko ya nini? Ni kweli, na ombi la pili lilikuwa kubwa mara saba ya la kwanza. Lakini tofauti kati ya Roma na Beira haiishii kwenye tarakimu. Kati ya hodi ya kwanza na ya pili kuna jambo lililotokea ambalo halikuhusiana kabisa na mvua, na jambo hilo ndilo lililoamua fedha zitapita mlango gani, zitashikwa na nani, na ngapi kati yake zitakuwa deni.

Tuanze na maji yenyewe. Msumbiji ina bahati mbaya ya kijiografia: iko mwisho wa mito ya wenzake. Limpopo, Save, Púnguè, Zambezi, yote huanzia nchi nyingine na kumalizikia kwake. Mvua ikinyesha Zimbabwe au Afrika Kusini, mkulima wa Gaza au Sofala anaipata siku kadhaa baadaye ikiwa imekwisha kuwa ukuta wa maji. Februari 2000 mvua zilianza kuilemea Maputo mapema mwezini. Tarehe 22 Kimbunga Eline kikatua pwani ya kati, kikaingia bara na kumwaga maji hukohuko juu ya mito. Mji wa Chókwè kwenye bonde la Limpopo ukafunikwa, kisha Xai-Xai iliyo karibu na mdomo wa mto. Watu wapatao 700 walikufa.

Dunia iliyaona hayo kwenye televisheni. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini ziliokoa maelfu ya watu kutoka kwenye mapaa na matawi, na picha moja ilizunguka kuliko zote: mama aliyekwea mti kuyakimbia maji, akajifungulia hukohuko juu mtoto wa kike, wakateremshwa salama wote wawili. Nchini Uingereza wizara mbili zilibishana hadharani kuhusu nani alipe gharama za helikopta wakati watu bado wako juu ya miti. Kisichosemwa sana ni kwamba wengi wa waliookolewa walitolewa kwa boti, na nyingi ya boti hizo ziliendeshwa na Wamsumbiji wenyewe. Kamera haikuwa ndani ya boti. Ilikuwa kwenye helikopta.

Kwa hiyo Roma ilikuwa na picha. Ilikuwa pia na kitu cha thamani kubwa zaidi, yaani sifa ya mwombaji. Vita vya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo vilikuwa vimekwisha mwaka 1992, kwa mkataba uliotiwa saini katika jiji hilohilo la Roma. Serikali ya Rais Joaquim Chissano ilikuwa imefanya uchaguzi mara mbili. Uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi iliyoshinda nchi nyingi za Afrika, na Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuingizwa kwenye mpango wa kusamehewa madeni. Kwa wafadhili ilikuwa ndiyo mfano wa kuonyesha wageni. Kuiacha izame kungekuwa ni kukiri kwamba hata mwanafunzi wao bora amewashinda. Wadai waliilegezea ulipaji, ahadi zikaja, na sehemu kubwa ya barabara, reli na shule zilizosombwa zikajengwa.

Sasa jambo la katikati. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za Msumbiji zilizokuwa chini ya watu wa usalama wa taifa, Ematum, ProIndicus na MAM, zilichukua mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 kupitia benki za Credit Suisse na VTB. Ematum ilikuwa ijenge kundi la boti za kuvua jodari. Serikali iliweka dhamana bila kulipeleka jambo hilo bungeni, na sehemu kubwa ya deni ikafichwa, hata Shirika la Fedha la Kimataifa lisijue. Boti za jodari zilibaki zimefungwa bandarini Maputo zaidi kuliko zilivyokwenda baharini. Siri ilipofichuka mwaka 2016, Shirika hilo lilisimamisha programu yake, na wafadhili 14 waliokuwa wakiweka fedha moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali wakafunga bomba. Mwishoni mwa Desemba 2018 aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alikamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa hati iliyotolewa na Marekani.

Wiki kumi na moja baadaye Idai ikafika.

Ilitua karibu na Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Beira ni mji uliojengwa kwenye kinamasi, sehemu zake ziko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa, na bandari yake ndiyo lango la Zimbabwe, Malawi na Zambia. Upepo uliangusha nguzo za simu na umeme, mji ukanyamaza, na kwa siku mbili tatu nchi haikujua ukubwa wa maafa. Halafu mito ya Búzi na Púnguè ikavunja kingo. Rais Filipe Nyusi alizunguka kwa ndege, akatangaza kwamba waliokufa huenda wakazidi 1,000. Mwishowe Msumbiji peke yake ilihesabu 603. Kabla watu hawajaanika nguo, tarehe 25 Aprili Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini kabisa, kikazipiga Macomia, Quissanga na kisiwa cha Ibo. Huko ndiko kwa Wamwani, watu ambao lugha yao na yetu ni ndugu, na siku ile Mtwara, upande wetu wa mpaka, nayo ilikuwa imeshika roho. Vimbunga viwili vikali namna hiyo ndani ya msimu mmoja vilikuwa havijawahi kurekodiwa Msumbiji.

Majirani walikuja kwanza, kama kawaida. Tanzania ilipeleka dawa na chakula kwa ndege za jeshi kwa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Afrika Kusini na India zilileta helikopta na meli. Chanjo za kipindupindu zikafika na mamia ya maelfu ya watu wakachanjwa ndani ya siku chache, kazi ambayo ingestahili sura yake yenyewe. Msaada wa kuokoa roho una haraka yake na hauulizi maswali mengi. Maswali huanza pale nchi inaposema: sasa tusaidieni kujenga.

Swali la kwanza ni hesabu. Tangu mwaka 2008 Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya wana utaratibu wa pamoja wa kutathmini mahitaji baada ya maafa, na nchi ikishapigwa huunda timu na kutumia utaratibu huo. Timu hugawana sekta, kilimo, nyumba, afya, barabara, na kwa kila sekta hujaza mafungu matatu. Fungu la kwanza ni uharibifu: vitu vilivyovunjika, kwa bei. La pili ni hasara: mapato yatakayokosekana kwa sababu vitu hivyo havipo. La tatu ni mahitaji: gharama ya kurudisha, na kurudisha kwa uimara kuliko zamani. Idai na Kenneth zilipopitishwa kwenye mafungu hayo ndipo ilipotoka ile bilioni 3.2.

Tuitazame nyumba moja ikipita humo. Ni nyumba ya wilaya ya Búzi: miti imesimikwa, ikafungwa kwa fito, ikakandikwa udongo, juu nyasi au mabati machache. Ndani kuna chungu, jembe, na kibuyu au gunia la mbegu za msimu ujao. Maji yakikaa siku tano, udongo unayeyuka na kubaki miti. Mtathmini anaandika bei ya vifaa, na bei ya miti, fito na udongo ni ndogo. Ghala moja la zege bandarini, lililopoteza paa tu, litaandikwa kiasi ambacho nyumba mia kadhaa za Búzi hazikifikii. Hesabu si ya uongo. Ila inapima utajiri uliopotea, na aliyekuwa na kidogo anaonekana amepoteza kidogo, hata kama kidogo hicho kilikuwa chote. Mbegu iliyooza ndani ya gunia haina bei ya maana. Lakini bila mbegu ile mwaka unaofuata haupo. Na Idai ilikuja Machi, mahindi yakiwa yamebakiza wiki chache kuvunwa. Zaidi ya hekta 700,000 za mazao zilizama. Mimi naona hapa ndipo waombaji wengi wanapojinyima: wanaacha fungu la miundombinu liimeze ripoti, kwa sababu daraja lina mchoro na mkandarasi, na mkulima hana.

Swali la pili ni la imani. Mwenye duka la mtaani hamkopeshi unga mtu ambaye deni la sukari la mwaka juzi bado limeandikwa kwenye daftari, na amemficha mkewe deni hilo. Wafadhili waliokuja Beira walikuwa na huruma, hilo sina shaka nalo, lakini walikuja wakilikumbuka daftari. Serikali nayo ililijua hilo. Ndiyo maana iliunda ofisi maalumu ya kujenga upya baada ya vimbunga, ikaahidi ukaguzi, na ndiyo maana fedha nyingi zilizoahidiwa zilipangiwa kupita kwenye mashirika ya Umoja wa Mataifa, mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya Benki ya Dunia, badala ya hazina.

Hilo ni rahisi kulisifia. Fedha zisizopita hazina haziibiwi hazina. Lakini zina bei yake. Kila mlango zinaopita unakata gharama zake za ofisi, magari na wataalamu. Kila mfadhili ana fomu zake. Na manispaa inayojua mfereji upi umeziba inabaki kuwa mwalikwa kwenye kazi yake yenyewe. Beira ilikuwa na uzoefu wa kuonyesha. Chini ya meya wake Daviz Simango, mtu wa upinzani, mji ulikuwa umepigania miaka kadhaa kupata fedha za kufufua mto Chiveve na kuchimba upya mifereji ya maji ya mvua, na kazi hizo zikafanyika kabla ya Idai. Pale zilipokuwa zimekamilika, maji yalitoka upesi kuliko kwingine.

Kisha kuna haki. Mkulima wa Búzi hakuweka dhamana yoyote, hakuziona boti za jodari. Benki iliyokopesha ilikuwa na ofisi zake London na haikuona haraka ya kuuliza. Mwaka 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa karibu dola milioni 475 kuyamaliza mashauri hayo. Fedha hizo zilikwenda kwa mamlaka za Marekani na Uingereza. Msumbiji iliahidiwa kufutiwa dola milioni 200 za deni. Chang alipatikana na hatia mahakamani New York mwaka 2024, na hiyo ni haki ya aina yake, ila haijapaua nyumba.

Tufuate fedha hadi chini, kwa sababu huko ndiko ahadi hufa kimyakimya. Mfadhili anatamka kiasi ukumbini. Ndani ya kiasi hicho huwa mna fedha mpya, fedha za zamani zilizobadilishwa jina, mikopo, na thamani ya vitu na wataalamu. Baada ya kutamka huja makubaliano, baada ya makubaliano huja zabuni, na baada ya zabuni huja mvua nyingine. Mwisho kabisa wa njia hiyo kuna karatasi moja yenye majina. Aliye kwenye orodha anapata gunia, turubai, mabati. Asiyekuwepo anapata pole. Na orodha huandikwa na kiongozi wa mtaa, yule ambaye kwetu angekuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba Sofala baadhi ya viongozi wa mitaa walikuwa wakidai ngono kwa wanawake walionusurika, ndipo wapewe chakula cha msaada. Wengine walidai fedha. Hapa siyo wizara iliyoharibika, wala benki. Ni mtu mwenye kalamu na uwezo wa kulisahau jina lako. Mikutano ya wafadhili hutumia saa nyingi kujadili wizi wa juu, na wizi wa juu ni mkubwa kweli. Orodha ya chini huachiwa yeyote aliyeikuta. Kuibandika ukutani ili kila mtu asome nani yumo na nani hayumo ni kazi ya karatasi na gundi, lakini mara ngapi umeiona kwenye mpango wa bilioni?

Waliohamishwa kutoka mabondeni walipewa viwanja kwenye vijiji vipya vya makazi, baadhi yake katika wilaya za Dondo na Búzi. Tarehe 23 Januari 2021 Kimbunga Eloise kilipotua karibu na Beira, kiliwakuta wengi wao bado kwenye mahema na turubai za Idai. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita.

Msumbiji haiko peke yake, na si lazima uwe na boti za jodari ili ujibiwe kwa mkopo. Mwaka 2022 mafuriko yaliwagusa watu milioni 33 nchini Pakistan, zaidi ya 1,700 wakafa, na uharibifu na hasara vikazidi dola bilioni 30. Ni nchi inayotoa chini ya asilimia moja ya hewa chafu ya dunia. Januari 2023 ilikwenda Geneva, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres akiwa upande wake, ikatoka na ahadi za zaidi ya dola bilioni 9. Ukumbi ulipiga makofi. Siku chache tu baadaye waziri wa fedha, Ishaq Dar, akawaeleza wananchi wake kwamba sehemu kubwa mno ya ahadi hizo, kiasi cha asilimia 90, ni mikopo ya miradi. Mtu ameunguliwa nyumba, majirani wamemchangia, na mchango una tarehe ya kurudishwa.

Ndiyo maana nchi za kusini zilisukuma kwa miaka mfuko wa hasara na uharibifu. Ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuzinduliwa Dubai mwaka uliofuata, ukiwa na ahadi za mwanzo za takriban dola milioni 700, za wote, kwa maafa yote. Msumbiji ya 2019 peke yake ingeumaliza zaidi ya mara nne. Nauunga mkono mfuko huo, lakini kwa ukubwa huo, waziri wa fedha anayeamka na mabonde yaliyojaa maji bado atapiga simu kulekule walikopiga wenzake, kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia.

Nyusi naye alipiga simu hiyo. Tarehe 19 Aprili 2019, mwezi mmoja na siku chache baada ya Idai, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Msumbiji mkopo wa dharura wa dola milioni 118.2. Ulikuwa wa masharti nafuu sana: hauna riba, miaka mitano na nusu ya mwanzo hulipi chochote, na baada ya hapo unalipa hadi mwaka wa kumi. Kwa kalenda hiyo marejesho huanza mwishoni mwa mwaka 2024. Katikati ya muda wa kupumua, mwaka 2023, Kimbunga Freddy kiliipiga nchi mara mbili, Februari na Machi, na mara ya pili kikatua karibu na Quelimane. Tarehe 15 Desemba 2024, marejesho yakiwa ndiyo kwanza yameiva, Kimbunga Chido kikatua Cabo Delgado, karibu na Mecúfi, na yale mafungu matatu yakawa yanasubiri kujazwa upya.